Sahani ya Mgeni wa Heshima

 

Leo nina sahani moja ninayotaka tuitazame pamoja. Niliiona kwenye matanga ya senge wangu, yaani shangazi, si mbali na soko la Chwele. Ilikuwa juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kwa sahani nyingine. Ndani mlikuwa na wali, vipande vinne vya nyama ya ng'ombe na paja la kuku. Kina mama walikuwa wameipakua saa nne asubuhi, sufuria ilipoepuliwa tu, wakaiweka kando kwa sababu ilikuwa ya mkwe wetu aliyekuwa njiani kutoka Kitale. Mkwe hapewi masalio. Mkwe huwekewa chake mapema, nyama iliyonona, isije ikaisha.

Alifika saa kumi kasoro. Mimi ndiye niliyetumwa kumtengea. Nilipofunua, mafuta ya mchuzi yalikuwa yameganda meupe ukingoni, na upande wa ndani wa ile sahani ya juu kulikuwa na matone ya maji yaliyojipanga kama umande. Nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote mbaya, ilinukia binzari na kitunguu, chakula kizuri kabisa. Nikaipeleka, nikammwagia maji mikononi, akala yote, akatushukuru.

Kabla ya saa mbili usiku alikuwa anatapika. Usiku wa manane tulimkimbiza hospitali akiwa hawezi kusimama, akawekewa maji ya mishipa. Baada ya siku mbili alipona, namshukuru Mungu. Lakini kufikia Jumatatu kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu: amelishwa. Kuna mkono wa mtu. Na mkono wenyewe ukapewa mwenyewe, mama mmoja aliyekuwa akipakua asubuhi ile. Tangu siku hiyo akawa haitwi kupika kwenye shughuli yoyote. Mimi niliyembebea mgeni sahani ile sikulaumiwa na mtu, na jambo hilo limenikaa moyoni. Ndiyo sababu nimeuliza, nimesoma, na leo nimekuja nalo hewani.

Chakula kile hakikuwekewa kitu. Kiliwekwa tu.

Sikiliza hesabu hii. Vijidudu tunavyoviita bakteria huzaliana kwa kugawanyika. Vikipata chakula, unyevu na uvuguvugu, aina nyingi zinaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Saa moja ikiisha ni 8. Saa tatu zikiisha ni 512. Kwa saa sita, muda ule ule sahani ya mkwe wetu ilipokaa kabatini, kijidudu kimoja kimeshakuwa zaidi ya laki mbili na nusu. Na hakuna sahani inayoanza na kimoja.

Uvuguvugu huo una mipaka yake. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo matano ya usalama wa chakula, na moja linahusu joto. Chini ya nyuzi 5, kama ndani ya friji, vijidudu husinzia. Juu ya nyuzi 60, chakula kikiwa cha moto kiasi cha kutoa mvuke mwingi na kukuunguza ukikigusa, haviwezi kuzaliana. Hatari iko katikati, na chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa mbili. Sebule yetu saa sita mchana ya Januari, mabati yakilia kwa jua, iko katikati kabisa. Hema la harusi liko hapo hapo. Hata usiku wetu uko hapo. Najua baridi ya alfajiri inayoshuka kutoka Mlima Elgon hutufanya tuamini kwamba nyama ya fahali aliyechinjwa Ijumaa jioni, ikilazwa juu ya majani ya mgomba, itaamka salama. Baridi ile inakutetemesha wewe. Kijidudu hakitetemeki kwa nyuzi 15.

Utaniuliza: lakini chakula kilichemshwa, si vijidudu vilikufa? Vingi vilikufa. Kuna aina mbili za wahuni ambao moto haumalizi madhara yao, na zote zinapenda shughuli zetu kubwa.

Wa kwanza ni wale wanaojifungia ndani ya ganda gumu kama mbegu ya kiangazi. Wamo kwenye nyama, wengine wamo kwenye mchele tangu shambani. Maji yakichemka wanatulia ndani ya ganda. Sufuria ikiepuliwa na kuanza kupoa polepole, wanachipua. Sasa fikiria ile sufuria yetu kubwa ya mchuzi, ile inayobebwa na vijana wanne kwa mti. Juu inaonekana imepoa, lakini katikati bado kuna vuguvugu la saa nyingi, na hewa haifiki. Huwezi kuwatengenezea kitalu bora kuliko hicho. Kadiri sufuria ilivyo kubwa, ndivyo inavyochelewa kupoa. Ndiyo maana mchuzi uliopikiwa watu sita mara nyingi hauna neno, na ule uliopikiwa watu mia sita unapeleka nusu ya wageni chooni usiku.

Wa pili wanaishi juu yetu sisi wenyewe. Wamo puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote, na wamejaa kwenye jipu na kidonda kidogo cha kidole. Mpishi akigusa chakula kilichokwisha kuiva, anawahamishia humo. Wakikaa saa kadhaa wanatoa sumu, na sumu hiyo hata ukiipasha tena haiharibiki. Vijidudu hufa, sumu inabaki. Anayeila huanza kutapika haraka, pengine baada ya saa moja, pengine baada ya saa chache. Ukitazama ugonjwa unaomwangusha mtu kwa kasi hivyo baada ya mlo, kwa nini usiseme amelishwa? Kweli amelishwa sumu. Na kweli kuna mkono wa mtu. Ni mkono ambao haukunawa kwa sabuni, wa mama anayekupenda, na katikati kulikuwa na saa sita za kungoja.

Hatuko peke yetu katika kukosea hapa. Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walitoka mazishini na kunywa pombe ya kienyeji ya unga wa mahindi. Waliugua zaidi ya 230, wakafa 75. Taifa zima liliomboleza. Uvumi wa kwanza ulikuwa kwamba kuna mtu aliyetia nyongo ya mamba kwenye pombe, na kila mmoja akaanza kumtazama jirani yake. Mwanamke aliyeitengeneza pombe ile alikuwa miongoni mwa waliokufa. Baadaye wataalamu waliipima, wakakuta sumu kali inayotolewa na bakteria, na bakteria wenyewe wakaonekana kwenye unga uliotumika. Hakukuwa na mamba. Kulikuwa na unga ulioharibika.

Nimeitaja Chitima kwa makusudi, kwa sababu ya kamalwa yetu, pombe ya kienyeji kama busaa. Sisi hapa tunavuna mahindi wakati mvua bado inanyesha, na kila nyumba inajua lile gunia la pembeni lenye punje zilizovunda. Tumezoea kusema: haya hayafai kwa busuma, yapelekwe kwenye busaa. Nakuomba, msikilizaji, kama kuna neno moja utakaloshika leo, lishike hili. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa busuma, yaani ugali, hayafai kwa busaa, na kuku naye usimpe. Mwaka 2004, huko Makueni na Kitui na maeneo jirani, sumu ya ukungu kwenye mahindi, ile inayoitwa aflatoksini, iliwapata watu 317 na kuua 125. Walikula ugali wa kawaida nyumbani kwao. Moto wa jikoni haukuwasaidia, maana sumu hiyo nayo haiogopi kuchemshwa.

Na harusi je? Kipindupindu kilichosumbua nchi hii kuanzia Oktoba 2022 na kuenea kaunti nyingi mwaka uliofuata, taarifa za afya zilifuatilia mwanzo wake hadi kwenye sherehe ya harusi huko Limuru, Kiambu. Watu walienda kula na kucheza, wakarudi kila mtu kwao na ugonjwa tumboni. Shughuli ni njia panda. Maji ya mtungi mmoja yakiwa machafu, yanasafiri hadi Kitale, hadi Eldoret, hadi Nairobi kabla jua halijachwa.

Sasa tuje kwenye Agosti. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, 2022, 2024, 2026, nyumba zetu hufunguka kwa msimu wa tohara. Kijana anatoka na chinyimba, kengele zake, kualika jamaa, anafika kwa khocha, yaani mjomba, ng'ombe anachinjwa, anavishwa luliki, kipande cha nyama, shingoni na kurudi mbio na wimbo, kilomita baada ya kilomita, kundi zima likimzunguka. Sina neno na luliki. Ni heshima ya ujomba na itabaki hivyo. Ninachotazama ni mikono iliyoichuna nyama ile, ikaifunga, ikamshika kijana begani, kisha ikaingia kwenye sinia la busuma bila kuona sabuni. Ninatazama pia karai.

Karai lile mnalijua. Linawekwa mlangoni likiwa na maji na sabuni ya kipande, na kila anayeingia anatumbukiza mikono. Wa kumi anayenawa ananawa uchafu wa tisa. Wa hamsini anapaka. Mababu zetu hawakufanya hivyo. Mtoto alipiga goti akiwa na birika, akammwagia kila mgeni maji mapya, nayo yakaanguka chini yasirudi. Ustaarabu ule ulikuwa na akili ndani yake, na ukiongeza sabuni unatosha. Kama watu ni wengi, tundika vibuyu chirizi viwili au vitatu kwenye nguzo za hema, karibu na choo na karibu na chakula. Mtungi wa lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia, kazi imekwisha. Maji ya kunywa na ya kuoshea kachumbari, ukiyachota mtoni Kuywa au kwenye chemchemi, yachemshe au yatie dawa ya klorini kama kipimo cha kwenye chupa kinavyosema. Kachumbari yenyewe ikatwe mwisho kabisa, kwa kisu na ubao ambao haujagusa kuku mbichi.

Lakini nisijifiche nyuma ya sabuni, kwa sababu jambo langu ni ule muda wa kungoja. Na kungoja, ukikuangalia vizuri, tunakufanya kwa ajili ya heshima. Kamati ya mapishi inawasha moto saa tisa usiku kwa sababu wanaogopa aibu ya kuambiwa chakula hakikuwa tayari. Kufikia saa tatu asubuhi wali umeiva. Halafu maiti inachelewa kutoka mochari ya Kitale au ya Bungoma. Halafu mheshimiwa amepiga simu kwamba yuko njiani, tumngoje. Halafu hotuba: wa ukoo, wa shule, wa kanisa, wa chama, na kila mmoja ana haki yake ya kusema. Watu wanakaa chakulani saa tisa, saa kumi. Wali umekaa saa sita au saba. Na yule tunayemheshimu kuliko wote, mkwe, askofu, mzee aliyekuja kuwafariji wafiwa, ndiye anayekula mwisho, kutoka kwenye sahani iliyopakuliwa mwanzo. Tumempa kilichokaa kuliko vyote na tukaita heshima. Wazee miili yao imepungua nguvu. Kijana akilala na tumbo siku moja, mzee anaweza kulala nalo moja kwa moja.

Nimezungumza na wapishi wa shughuli, wanawake waliopikia mamia ya watu kwa miaka mingi, na wengi wanajua dawa yake. Hawasikilizwi tu. Dawa ni kupika kwa kufuata ratiba ya kaburini, tusiifuate hofu ya wanakamati. Maharagwe na nyama ngumu zianze mapema, sawa, lakini zisiepuliwe. Punguza kuni, acha makaa, mchuzi uwe unachemkachemka hadi dakika ya kupakua. Mchuzi ulio motoni hauharibiki, unapungua tu, na maji ya moto yapo ya kuongeza. Kuku vivyo hivyo, aive mpaka kwenye mfupa kusiwe na damu. Wali usiingie jikoni hadi ibada ielekee mwisho. Ugali ndio kabisa, husongwa watu wakiwa wananawa. Sufuria zikifunguliwa, fungua moja moja, nyingine zibaki motoni. Na mgeni anayechelewa asiwekewe sahani. Awekewe sufuria ndogo juu ya makaa, na mtu mmoja wa kuiangalia. Hiyo ndiyo sahani ya mkwe.

Kuna atakayesema kuni zitakwenda nyingi. Zitakwenda, ndiyo. Mzigo wa kuni na siku mbili za kitanda cha hospitali, mwenye kulipa anajua kipi ni ghali.

Kinachobaki jioni nacho kina lake. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kina mama huja na vyombo vyao vyenye vifuniko, na ni vizuri. Lakini nyama ya vuguvugu ikijazwa kwenye kopo na kufungwa hadi asubuhi, umeibebea joto lake nyumbani. Kama huna friji, na wengi wetu hatuna, chukua kidogo, ukifika kichemshe hadi kibubujike, mkile usiku ule ule. Kilichokaa mchana kutwa juani kimwage. Najua uchungu wa kumwaga nyama. Mimi ni mtoto wa hapa, nyama kwetu ilikuwa ya Krismasi. Kimwage hata hivyo, na ukichimbie, mbwa wasikifukue.

Na mnyama aliyekufa mwenyewe, asiyechinjwa, asiletwe kwenye shughuli kwa bei nafuu, hata mwenye kuuza akiapa kwamba alivunjika mguu. Kimeta hakionekani kwa macho, nacho kinaweza kumpata mchunaji kabla ya mlaji.

Mtu akiugua baada ya shughuli, usianze na swali la nani. Anza na maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo bila kukoma. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee, anayetapika damu au asiyepata mkojo, huyo hospitali mara moja. Kisha mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu alikula nini, saa ngapi, na ni wangapi wengine wameugua. Majibu ya maswali hayo matatu yangemwokoa yule mama wa kijijini kwetu.

Nilimwendea, nisiwafiche. Nilimweleza habari ya sahani, saa sita, na sumu isiyoogopa moto. Alinisikiliza akichambua mboga, kisha akaniuliza jambo moja tu: je, yeye ndiye aliyesema mkwe awekewe mapema? Hakuwa yeye. Ilikuwa kamati, nami nilikuwa kwenye kamati ile. Nikaenda kwa wanakamati wenzangu, mmoja mmoja, nikawaambia.

Mwezi uliopita tulikuwa na mazishi mengine pale pale. Alikuja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mchele umekwisha kupetwa kwenye nyungo, maji yanachemka kwenye sufuria tatu, na kijana mmoja wa kamati akawa anamsumbua: mama, saa zimekwenda, watu watakaa njaa, mimina. Hakumjibu. Alikuwa amegeuzia sikio upande wa migomba, kule kaburini. Mchungaji akamaliza, udongo ukaanza kuanguka, wakaanza kuimba. Hapo akainuka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, akarudi, akauinua ungo wa kwanza.

"Sasa," akasema, "leteni mchele."